Nakala ya Norham Castle ya Turner: usiikuze

J.M.W. Turner, mchoraji wa Kiingereza, aliichora Norham Castle, on the River Tweed (Ngome ya Norham, kando ya Mto Tweed) kwa rangi za maji mnamo 1822–23, na picha yenyewe, iliyo katika hazina ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, ina takriban sentimita 16 kwa 22 tu. Ni ndogo kuliko karatasi ya A4, na hapo ndipo nakala nyingi zinapoharibika. Ukiikuza hadi A2, karatasi yenye eneo mara nne ya A4, vidoa vya ncha ya brashi vinavyojenga mwanga wa alfajiri hutawanyika, na anga hubaki kama ukungu mtupu.

Nakala ya A4 kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, gramu 300 kwa mita ya mraba, ndiyo inayostahili pesa. Ikague hivi: tazama ngome, pale jua linapochomoza nyuma yake. Buluu ya ngome iwe nyepesi, yenye kupitisha mwanga. Ikiwa ya zambarau, wino wa majenta (waridi iliyokolea) umezidi. Ikiwa nyeusi, vivuli vimekolezwa kupita kiasi. Kisha shuka mtoni kwa ng'ombe: vivuli vyao majini visikatike ghafla.

Karatasi ya kung'aa iache kabisa. Mng'ao wake unaua ule ulaini wote.

Kwenye fremu, weka kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, kati ya picha na kioo. Zikigusana penye unyevu, karatasi hujikunja, hunata kwenye kioo na kuota kuvu. Ukutani, iepushe na jua la moja kwa moja.