Pedi zilizobanduka kwenye amplifaya: uzoefu wangu na fundi wa Kibuye

Ukikodisha vyombo vya muziki hapa Kisumu, amplifaya haipumziki. Ijumaa iko kwenye pikapu ikirushwarushwa kuelekea Siaya au Bondo, usiku inakesha matangani kwa umeme wa jenereta, na Jumapili inatakiwa kanisani. Yangu ilikwaruza upande wa kushoto hadi ukanyamaza kabisa. Fundi wa kwanza alibadilisha transista, ikalia kwa muda mfupi, ikazima tena. Wa pili akaniambia ninunue bodi mpya, yaani ule ubao wa ndani unaobeba vifaa vyote, na bodi ya aina hiyo haipatikani hivi hivi.

Ndipo nikaelekezwa kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Aliigeuza bodi, akaimulika, akanipa lenzi nijionee. Chini ya bonge la solda, pedi, yaani vile vipande vidogo vya shaba vinavyolehemiwa miguu ya vifaa, zilikuwa zimejikunja juu kama maganda ya kitunguu, na moja haikuwepo kabisa. Bodi yenyewe ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. “Bodi bado nzima, kaka. Ni njia tu zimekatika,” akasema.

Shaba ya bodi, inayofanya pedi na njia za kupitisha umeme, ni utando mwembamba, mara nyingi mikroni 35 hivi, uliogandishwa juu ya ubao. Solda ya bati na risasi huyeyuka kuanzia nyuzi 183 za Selsiasi. Chuma cha moto kikikawia pale, au mguu wa transista ukivutwa kabla solda haijalainika yote, utando unaachia. Zile bodi za kahawia za karatasi na gundi, zilizojaa kwenye amplifaya za bei nafuu, huachia upesi kuliko za nyuzi za kioo.

Kilichonifurahisha ni utaratibu wake. Kwanza alimaliza chaji ya kapasita kubwa, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, kupitia rizista, kifaa cha kupunguza mkondo. Hakuzipiga shoti kwa bisibisi kama ninavyoona wengi wakifanya. Akafyonza solda yote ya zamani, akasafisha kwa spiriti, akakata vipande vya shaba vilivyolegea. Kisha akakwangua taratibu ile rangi ya kijani juu ya njia hadi shaba safi ikang'aa, akaipaka solda. Transista alizifunga kwanza kwa skrubu kwenye alumini ya kupozea, ndipo akalehemu miguu, ili isivutane na bodi. Kila mguu uliopoteza pedi aliuzungushia waya wa shaba, akaulaza waya huo juu ya njia na kuulehemu kwa urefu, si kwa nukta moja. Penye mkondo mkubwa alitumia waya mnene. Mwisho akaushika kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, usitikisike. Kwa amplifaya inayosafiri kama yangu, hapo ndipo kazi inapopimwa: bonge la solda peke yake litapasuka tu.

Hakuichomeka moja kwa moja kwenye umeme. Aliipitisha kwanza kwenye balbu ya wati 100, ya ule waya unaowaka, iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu iliwaka ghafla, ikafifia. Ingebaki kuwaka kwa nguvu, ingekuwa dalili ya shoti. Kisha akapima kwenye tundu la spika kuona kama kuna volti za DC, umeme usiobadili mwelekeo, maana hizo ndizo huunguza koili ya wufa, ile spika ya besi. Maltimita ikaonyesha milivolti chache tu.

Nililipa shilingi 2,500 za kazi, transista kando. Alitumia jozi ya transista za 2SC5200 na 2SA1943, na kwa kuwa bandia zimejaa sokoni, alizipima mbele yangu. Transista nilizoleta alinirudishia zote.

Kasoro zipo. Hana haraka, kwa hiyo usimpelekee Alhamisi kitu unachokihitaji Ijumaa. Risiti hatoi mpaka uidai. Lakini tangu masika amplifaya imeshapanda pikapu mara nyingi, na kushoto kunalia sawa na kulia.

Ukimwendea, beba na spika yako, kwa sababu za kwake ni ndogo, na amplifaya ya namna hii inafaa ijaribiwe ikiwa na mzigo wake halisi kabla hujaondoka.