Jiko la presha la umeme la lita 6: stadi wa maharage, si mpishi wa kila chakula

Kati ya bidhaa nyingi zinazouzwa siku hizi kwa jina la kutunza mazingira, kuanzia mirija ya mianzi hadi chupa za maji za bei ya kutisha, chache sana zinagusa kile ambacho familia ya kawaida ya Dar es Salaam inakitumia kila siku na kwa wingi, yaani mkaa. Jiko la presha la umeme linagusa hapo hapo. Ninalolizungumzia ni la lita 6 na wati 1,000, nililolinunua Kariakoo kwa shilingi 150,000, na limekuwa likiwapikia watu watano nyumbani kwetu kwa muda wa kutosha kuujua uzuri wake na ukorofi wake. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, kwa kuwa majiko mengi ya daraja hili yanafanana kwa ndani, na ninayoyasema yanayahusu karibu yote.

Kwa umbo ni ndoo fupi yenye sufuria ndani, kifuniko kinachozungushwa hadi kikajifunga, mpira unaozuia mvuke usivuje pembeni, na filimbi ndogo juu ya kutolea mvuke. Mvuke ukishabanwa, maji hayachemkii tena kwenye nyuzi 100 bali hupanda hadi kati ya nyuzi 110 na 120, na hapo ndipo muda unapokatwa. Kwa ndugu zetu wa Njombe na Mbeya, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko na maharage hukaa jikoni hadi mtu akakata tamaa, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunayoipata sisi wa pwani.

Nililipima kwa njia rahisi kabisa: nilizima friji, feni na taa, nikasoma uniti zilizobaki kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, nikapika, kisha nikasoma tena. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa tangu usiku ilikula karibu nusu uniti. Sababu ni kwamba jiko hutumia wati zake zote katika dakika 20 za mwanzo tu, likipandisha presha. Baada ya hapo hujizima na kujiwasha lenyewe, na kwa kuwa kuta zake zimezuiliwa joto lisitoke, kwa sehemu kubwa ya muda uliobaki halivuti chochote. Kwa anayelipa shilingi 356 kwa uniti, sufuria hiyo ya maharage inagharimu chini ya shilingi 200. Mkaa wa shilingi 2,000 kwetu uliivisha maharage, na kama haukuwa mbichi ulibaki wa kusongea ugali.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Wateja wadogo wa TANESCO ambao hawazidi uniti 75 kwa mwezi hulipa bei ya chini, takribani shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Jiko hili likitumika kila siku linaweza kuongeza uniti 15 au zaidi kwa mwezi, na nyumba iliyokuwa ikiishia kwenye uniti 65 itajikuta imevuka mpaka na huenda ikahamishiwa bei ya juu kwa umeme wake wote, pamoja na ule wa taa na televisheni. Hata hivyo mkaa bado utakuwa ghali zaidi, lakini mtu aingie akijua, na kama yuko karibu na mpaka huo, aanze kwa kupunguza pasi na hita ya maji.

Kuhusu mazingira yenyewe, hesabu iko wazi. Tanuru la kienyeji la udongo hugeuza sehemu ndogo tu ya kuni kuwa mkaa, kiasi kwamba kilo moja ya mkaa huweza kudai kilo sita hadi kumi za miti, na sehemu kubwa ya mkaa unaoingia Dar es Salaam hutoka katika misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Umeme wetu nao si mtakatifu, kwa kuwa gesi asilia bado huzalisha sehemu yake, ingawa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha mizani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Watu wengi husikia lengo hilo na kufikiria mtungi wa gesi peke yake. Kwa vyakula vya kuchemsha muda mrefu, mimi naona jiko la presha linaushinda mtungi.

Lakini jiko peke yake haliokoi kitu, kinachookoa ni mazoea yanayolizunguka. La kwanza ni kuloweka. Maharage yaliyolala majini usiku kucha huiva kwa takribani dakika 25 za presha, na yasiyolowekwa hudai karibu mara mbili. Nikishayachuja, maji yale yanakwenda kwenye mchicha nyuma ya nyumba. Magadi hayana kazi tena, maana ganda hulainika bila kusaidiwa, na maharage hubaki na rangi yake badala ya kuwa meusi. Zoea la pili ni kupika kwa wingi mara moja, ukaunga ya leo kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, na yaliyobaki ukayagawa kwenye vyombo na kuyaweka kwenye friza. Asiye na friza asilazimishe, hasa kwa joto la Dar.

La tatu linahitaji subira ambayo wengi wetu hatuna. Muda ukiisha, usikimbilie kufungua filimbi. Presha ikiachwa ishuke yenyewe kwa dakika 15 hivi, chakula kinaendelea kuiva bila umeme wowote. Ukiifungua kwa pupa, povu la maharage linarukia ukutani, na joto ulilolilipia linaishia darini. Jambo jingine dogo: jiko likimaliza huingia lenyewe kwenye hali ya kutunza joto, taa ndogo ikawaka, na litabaki hivyo kwa saa nyingi likivuta umeme kidogo kidogo. Chomoa waya kwenye soketi.

Makande yalitoka vizuri kuliko nilivyotarajia, mahindi na maharage yakiwa yameiva kwa pamoja bila kimoja kurojeka. Makongoro, utumbo na kuku wa kienyeji ndiyo mahali ambapo jiko hili linastahili sifa zote, kwa kuwa kwenye mkaa vitu hivyo ni kazi ya mchana mzima. Wali huiva, lakini ni laini mno kwa mtu aliyezoea wali wa kuchambuka, na ukoko haupo kabisa. Ndizi zinahitaji dakika chache mno kiasi kwamba ukigeuka tu zimekuwa uji. Ugali na chapati visijaribiwe. Sufuria ya ndani huzunguka ovyo ukianza kusonga, na ngozi yake nyeusi haitaki mwiko mgumu. Kwa hiyo jiko la mkaa halijaondoka nyumbani, limehamia nje na kazi yake imebaki ugali wa jioni. Mama mkwe wangu anashikilia kwamba maharage yasiyopitiwa na moshi hayana ladha, na sina hoja ya kumshinda, ila nimeona akiongeza sahani.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, madhara si makubwa kama inavyodhaniwa. Presha ikishapanda, joto lililofungiwa huendelea kufanya kazi kwa muda, na mara nyingi nilikuta chakula kimefika karibu na kuiva. Tatizo ni kwamba jiko langu halikumbuki liliishia wapi. Umeme ukirudi linasubiri lipangwe upya, na aliyetoka kwenda kazini akiliamini atarudi na kukuta chakula kimepoa na huenda kimechacha. Usilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya taa za harusi. Usiijaze maharage na maji kupita nusu ya sufuria, kwa kuwa povu huziba tundu la mvuke. Kifuniko kisilazimishwe kamwe. Kipini kidogo cha kwenye kifuniko, kinachoinuliwa na presha, kikiwa bado kimesimama, ndani kuna presha.

Udhaifu wake mkubwa ni mpira wa kifuniko. Wangu ulianza kulegea na kuvujisha mvuke kabla mwaka haujaisha, jiko likawa linahangaika muda mrefu bila kupandisha presha, na uniti zikawa zinakwenda bure. Muuzaji aliyenipa waranti ya mwaka mzima alisema waranti ile inahusu mfumo wa umeme tu, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye karatasi yake. Mpira mpya wa kipimo kile ulinigharimu mzunguko wa maduka mengi, maana kila mmoja alikuwa na wa lita 5 au wa lita 8.

Kwa anayepika maharage au nyama ngumu angalau mara mbili kwa wiki, nalipendekeza bila kusita. Kwa mpangaji wa chumba kimoja ambaye LUKU ni ya nyumba nzima, aelewane kwanza na wenzake kuhusu mgawanyo wa uniti. Unapokwenda kununua, chagua lenye sufuria ya chuma cha pua kama bajeti inaruhusu, mwambie muuzaji alijaze maji kidogo na kuliwasha hadi kipini kipande mbele yako, na ununue mpira wa akiba hapo hapo kabla hujalipa.