BorgBackup Humzuia Mwendeshaji Kufuta, Lakini Haimzuii Kusoma

Anayeendesha kazi ya kuchukua nakala rudufu ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake, kwa kuwa programu anayoisimamia hulazimika kusoma kila faili, zikiwamo za mishahara na barua za siri, na wakati wa kurejesha huweza kuandika juu ya faili za mtu yeyote. Katika Windows, kundi la Backup Operators hupewa haki hizo mbili kwa pamoja. Nilianza kutumia BorgBackup, programu huria ya kuchukua nakala iliyotokana na nyingine iitwayo Attic mwaka 2015, kwa sababu nilitaka mwendeshaji afanye kazi yake bila kukabidhiwa ghala zima.

Ubora wake unaonekana kwenye seva inayopokea nakala. Mwendeshaji huingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, lakini ufunguo wake hufungwa kwa amri moja tu, ile ya kuendesha Borg, ambayo nayo huelekezwa kwenye saraka moja na kuwekwa katika hali ya kuongeza pasipo kufuta. Hawezi kutoa amri nyingine wala kugusa hazina, yaani ghala la nakala, ya idara jirani. Hata hivyo, katika matoleo ya 1.2, Borg hulipokea agizo la kufuta na nakala hutoweka kwenye orodha, ingawa data yenyewe ingali kwenye diski. Huondoka kabisa pale msimamizi mwenye haki kamili anapoibana hazina ili kupata nafasi. Msimamizi asiyekagua orodha kabla ya kubana ataikamilisha kwa mkono wake kazi ya mharibifu, na hili ningependa liandikwe kwa herufi kubwa katika kila mwongozo.

Upande wa kusoma umenisikitisha. Data husimbwa kabla ya kuondoka kwenye kompyuta inayonakiliwa, hivyo mwenye seva haoni kitu, lakini nenosiri linalotumika kuandika ndilo hilo hilo linalofungua. Anayeweza kuweka anaweza kutoa. Nimelazimika kulificha nenosiri katika faili inayosomwa na akaunti maalumu pekee, kazi ikaanzishwa na systemd, programu inayosimamia huduma katika Linux, naye mwendeshaji akabaki na ruhusa ya kuianzisha na kusoma ripoti yake. Akaunti hiyo haihitaji kuwa ya mtumiaji mkuu, kwani Linux huweza kuipa programu uwezo wa kusoma faili zote bila mamlaka mengine.

Kurejesha tunakufanya watu wawili, katika saraka tupu, na mwenye faili huzikagua kabla hazijahamishwa. Ni lazima hatua hiyo ifanywe kwa haki za mtumiaji mkuu, la sivyo faili zote huwa mali ya aliyeziondoa ghalani. Seva nayo haiweki kumbukumbu ya nakala ipi ilifunguliwa. Huonyesha tu kwamba fulani aliingia kwa SSH saa fulani, na ndiyo maana daftari letu la sahihi mbili bado liko mezani.