Jumamosi tatu za mafunzo kuhusu dawa za kulevya, Mwanga, Kigoma

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilitoka Ujiji na mwanangu wa miaka 15 kwenda Mwanga, kuhudhuria mafunzo ya wazazi na vijana kuhusu dawa za kulevya. Ada ni shilingi 10,000 kwa mzazi na mtoto wake kwa vikao vyote, soda na maandazi yakiwamo. Jina la kikundi naliacha, kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni lawama ambayo nimekwisha kuwafikishia wenyewe.

Nilikwenda kwa shaka. Semina za aina hii ninazozifahamu ni zile ambazo mtu mzima husimama, akaonyesha picha ya teja aliyelala mtaroni, akatangaza kwamba ukionja mara moja umekwisha, kisha watoto wakapiga makofi. Mwanangu anawajua vijana wa Kibirizi wanaovuta bangi wakirudi ziwani alfajiri, na kesho yake anawakuta wakishusha dagaa huku wakitaniana. Kwa hiyo akiambiwa kwamba msokoto mmoja unaua, atakayemwona mwongo si kijana wa Kibirizi, ni mimi.

Muuguzi mstaafu aliyeongoza kikao cha kwanza alileta katoni la sabuni lililotobolewa juu kwa kisu, na vijana wakatumbukiza humo maswali yasiyo na majina. Karatasi ya kwanza iliuliza: "Bangi inaleta raha au haileti?" Ukumbi ulinyamaza, mzazi mmoja nyuma yangu akaguna. "Inaleta, mwanangu," akajibu yule mama bila kupepesa macho. "Isingeleta, nani angeinunua?" Kuanzia hapo vijana walimsikiliza. Alieleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humsaidia mtu kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25, na kwamba ndiyo sababu bangi humdhuru zaidi anayeianza akiwa na miaka 14 kuliko anayeianza akiwa mtu mzima. Hudhoofisha kumbukumbu na umakini darasani, na kwa baadhi ya watu, hasa wenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, huweza kuamsha maradhi hayo. Alikiri pia kwamba si kila anayevuta huwa mraibu, ila hakuna anayejua mapema kama yeye ndiye atakayenaswa.

Kilichowashtua wazazi zaidi ni pakiti tupu ya tramadoli aliyoitoa kwenye pochi. Wengi wetu tulidhani dawa za kulevya ni bangi, mirungi na unga, kumbe kidonge hiki cha hospitali cha kutuliza maumivu kina undugu na heroini, na mtu akizidisha, hasa akichanganya na pombe, anaweza kupata degedege au kupumua kwa shida hadi kufa.

Kikao cha pili kilikuwa cha wazazi peke yetu. Mkufunzi alijifanya mtoto, nami nikatakiwa kuanza mazungumzo. Nilianza, "Mwanangu, dunia ya sasa imeharibika," naye akapiga miayo na kugeukia dirishani. Nilirudia mara tatu, hadi nilipojifunza kuuliza kwanza ameona nini mtaani, kisha nikae kimya. Kukaa kimya ndiko kulikonitoa jasho.

Mama mmoja, ambaye mwanawe mkubwa anatumia unga Dar es Salaam, aliuliza kama teja hupona. Alielezwa habari za methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Maelezo yalikuwa mazuri, lakini alitoka na namba ya bure 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya tu, bila mtu wa kumfuatilia. Hapo mafunzo yamepwaya.

Kikao cha tatu kilichelewa saa moja na nusu, kisha akapewa nafasi mgeni aliyekuja na zile picha za mtaroni. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba msaidizi mmoja alitambua mwandiko wa binti fulani katika karatasi za katoni, akamnong'oneza baba yake. Binti huyo hakuonekana tena. Kiongozi wa kikundi alikiri kosa, akaahidi kwamba kuanzia awamu ijayo muuguzi peke yake ndiye atakayezigusa karatasi na kuzichoma mbele ya vijana.

Nyumbani, siku chache baadaye, tulikuwa tukila migebuka mwanangu aliponiuliza kama nimewahi kuvuta. Nilimjibu kwamba ndiyo, mara mbili, nilipokuwa shule ya bweni Tabora, na kwamba mara ya pili nilitapika nikashindwa kufanya mtihani wa hesabu. Alicheka, akaendelea kuchambua miiba, kisha akanitajia rafiki yake anayeuziwa vidonge karibu na stendi.

Binti yangu mdogo amefikisha miaka 13 na nimekwisha kumlipia awamu ijayo, kwa sharti kwamba nitakaa mstari wa mbele nione ni nani anayeshika katoni.