Siku nane wodi ya watoto wachanga, Mbeya: sista nyota tano, benchi nyota moja

Jina la hospitali sitaji, maana nina ya kulalamika pia. Ipo Mbeya mjini. Nimelala pale siku nane mwezi wa saba, kipindi ambacho sisi wa Uyole maji ya ndoo asubuhi yanatuuma vidole.

Mwanangu ni njiti, kazaliwa mimba ikiwa na wiki 35, kilo 2.1. Siku ya nne akaacha kunyonya. Mwili haukuwa na joto, miguu baridi, na kila akitoa pumzi anaguna. Zahanati moja wakampima, 35.6, wakasema hana homa, kamfunike vizuri. Mama mkwe ndiye aliyekataa. "Mwanangu, mtoto asiyenyonya hafunikwi akaachwa. Vaa twende." Tukapanda bajaji saa mbili usiku.

Mapokezi walituweka kwenye karatasi mpaka nikataka kulia. Lakini wodini sista mmoja wa makamo hakuuliza kadi wala jina. Alimfungua mtoto nguo, akainua saa yake ya mkononi, akatazama kifua dakika nzima bila kusema neno. Mama mkwe akataka kumsemesha, akanyoosha kidole: subiri. Kisha akasema, "Pumzi 68. Kwa mchanga, 60 tu tayari ni nyingi. Na ona hapa mama, mbavu zinaingia ndani." Nyota zote tano ni za dakika hiyo.

Wakasema ni nimonia. Wakamwekea mrija puani, ncha nyingine imezama kwenye chupa ya maji inayotokota usiku kucha bila moto. Nilidhani imeharibika. Kumbe ule mgandamizo ndio unaozuia mapafu yasinywee. Sindano zilikuwa ampisilini na jentamisini, siku saba.

Asubuhi nikamuuliza daktari: nimonia bila homa inakuwaje? Akavuta kiti (hilo nalo nimelipa nyota). Akasema homa ni kazi ya mwili unaopigana, na mwili wa mchanga mara nyingi haujaweza kazi hiyo. Badala ya kupanda, joto linashuka. Chembe nyeupe za damu anazo, ila akiba ni ndogo, inaisha upesi, na zikiitwa kwenye mapafu zinachelewa kufika. Mapafu yenyewe wiki iliyopita yalikuwa yamejaa maji, mtoto akiwa bado tumboni, hata chembe walinzi wanaokaa mle ndani ndio kwanza wanajipanga. Anachotegemea ni kingamwili za mama zinazopita kwenye kondo, na nyingi hupita miezi mitatu ya mwisho.

Mimi nauza viazi, nikaelewa hivi: aliyetimiza miezi yake anatoka na lumbesa ya kinga, gunia limejaa mpaka kichwani, wangu gari limeondoka gunia halijashonwa.

Kilichopungua kinafidiwa kidogo na dang'a, yale maziwa ya njano ya mwanzo, yana kinga inayotanda kooni na tumboni. Jirani yangu alikuwa ameniambia niyakamue niyamwage, ni machafu. Bahati nzuri sikumsikiliza. Wodini nilikamua kila baada ya saa tatu, wakampa kwa mpira wa puani mpaka siku ya tano aliponyonya mwenyewe. Majibu ya damu waliyoiotesha maabara kutafuta vijidudu yalikuja siku ya nne: haikuota kitu. Nikashtuka, nikidhani walimtibu bure. Daktari akasema mdudu anaweza kuwa mapafuni na kwenye damu asionekane, hatukatizi sindano.

Sasa benchi. Mama aliyejifungua juzi analala kwenye benchi la mbao koridoni, mlango haufungi, upepo wa usiku unapita kama uko sokoni. Wakati wa kumweka mtoto kifuani tulipewa viti, viwili kwa akina mama sita, tukawa tunapokezana. Maji ya moto ni foleni saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa unaoga ya baridi na mshono wako. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilipoziba usiku wa pili, mume wangu alitumwa kuitafuta duka la dawa la nje, na tunaambiwa chini ya miaka mitano ni bure.

Ukienda, beba soksi na kofia za mtoto mbili mbili, blanketi lako mwenyewe, na kikombe chenye mfuniko cha kukamulia. Chupa ya chai usimwachie mlinzi getini. Yangu ya bluu, uji ukiwa bado wa moto ndani, sijaiona tena.