Uzoefu wangu na seti kamili ya The Wild Wild West: mitambo ya mvuke ya utotoni, kwa macho ya mtu mzima

Seti ninayoizungumzia ni mkusanyiko wa DVD wa The Wild Wild West, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na CBS kuanzia Septemba 1965 hadi Aprili 1969, misimu minne yenye jumla ya sehemu 104. Niliiagiza kwa sababu mbili zilizoshikana. Kwanza, ni mpenzi wa stimpanki, yaani ule ubunifu unaoichukua karne ya 19 pamoja na injini zake za mvuke, mabomba ya shaba na saa za mfukoni, kisha ukaipa mashine ambazo karne hiyo haikuwahi kuwa nazo. Pili, tamthilia hii ndiyo iliyoniambukiza mapenzi hayo nikiwa mtoto, kabla sijajua kwamba kuna watu wazima na akili zao wanaoshona makoti na kuunda miwani ya namna hiyo.

Kwa sisi wa Dar es Salaam tuliokua kabla ya mwaka 1994, Tanzania Bara ilipoanza kupata vituo vyake vya televisheni, utoto wa runinga ulikuwa kwa kweli utoto wa deki na kanda. Kanda za nyumbani kwetu zilitoka kwa mjomba aliyefanya kazi ng'ambo, naye alikuwa akirekodi chochote kilichokuwa hewani, matangazo ya sabuni yakiwamo, kwa hiyo sehemu kadhaa zilikatika kabla adui hajatiwa mbaroni. Kiingereza chao hatukukifuata, lakini steringi tulimjua, adui tulimjua, na treni tuliijua kuliko wote. Swali nililokuwa nalo wakati wa kulipia seti hii lilikuwa moja tu: je, mambo yale yalikuwa mazuri kweli, au uzuri wake ulitokana na uchache wa vitu vya kutazama?

Kisa chenyewe ni chepesi. James West, anayechezwa na Robert Conrad, na Artemus Gordon, anayechezwa na Ross Martin, ni maofisa wa siri wanaomtumikia Rais Ulysses Grant katika miaka ya 1870, na makao yao ni treni ya binafsi inayowapeleka kokote penye hatari. West ni mtu wa ngumi na suruali za kubana. Gordon ni bingwa wa kujibadilisha sura na kuunda vifaa. Treni inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa nusu ya haiba ya tamthilia imo ndani ya behewa lile la kupokelea wageni. Msimu wa kwanza ulipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kuanzia wa pili, rangi zilipoingia, behewa lilipambwa upya kwa kijani kilichokolea na nakshi za dhahabu, na hapo ndipo macho yangu ya sasa yalipopata karamu ambayo kanda za mjomba, zilizofifia hadi kila kitu kikawa rangi ya chai, hazikuweza kuitoa. Injini iliyotumika katika sehemu nyingi, Inyo, ilikuwa injini halisi iliyojengwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1875, na hadi leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli huko Carson City, Nevada. Uhalisi huo unaonekana. Chuma kile kina uzito, na moshi ule haukuchorwa.

Kuhusu vifaa, nilirudisha nyuma mara kwa mara kile nilichokuwa nikikingoja tangu sehemu ya kwanza: bastola ndogo ya mkononi. West amenyanyua mikono, adui anaamini amemmaliza, kisha anaukaza mkono na bastola inateleza kwenye kireli kilichofungwa chini ya kiwiko, inatokeza kwenye mkono wa koti na kutua kiganjani. Utotoni nilidhani ni mazingaombwe. Sasa naona wazi kwamba ni chuma kinachosukumwa, kitu ambacho fundi wa saa mwenye subira angeweza kukitengeneza, na kujua hivyo kumeniongezea raha badala ya kunipunguzia. Visigino vya viatu vina vilipuzi, ukosi wa koti una kifaa cha kufungulia makufuli, na fimbo za mchezo wa pool ndani ya treni zinaficha silaha. Kila kimoja kina bawaba, springi au kifuniko unachoweza kukifuata kwa jicho, na kwa maoni yangu hapo ndipo stimpanki yote inaposimama au kuanguka: mtazamaji lazima aone kitu kinafanyaje kazi, hata kama kazi yenyewe haiwezekani.

Mfano bora kuliko yote umo katika msimu wa kwanza, sehemu inayohusu mchezesha vikaragosi. West anajikuta mbele ya vikaragosi vyenye kimo cha binadamu, vinavyoendeshwa kwa nguvu za mvuke, kamba zikipanda kuelekea gizani juu. Vinatembea kwa kusitasita, vinahukumu, vinapigana. Kutokuwapo kwa rangi kunasaidia sana hapa, kwa sababu kivuli kinameza kila kasoro ya mafundi. Mwisho wake siusemi, ila mke wangu, ambaye hadi dakika ile alikuwa akipekua simu, aliiweka chini.

Halafu yupo Dk. Miguelito Loveless. Michael Dunn, mwigizaji mwenye kimo kifupi mno na sauti nzito ya kupendeza, alimcheza mwanasayansi huyu katika sehemu 10, na sioni aibu kusema kwamba hizo 10 zinabeba thamani ya seti nzima. Anataka kurudishiwa ardhi ya California anayodai ni ya ukoo wake, na njiani anavumbua unga unaowafupisha watu hadi udogo wa vidole, pamoja na njia ya kuingia ndani ya michoro ya ukutani. Pembeni yake yuko Antoinette, anayechezwa na Phoebe Dorin, na katikati ya vitisho vyote hivyo wawili hao wanaimba. Katika maisha ya kweli Dunn na Dorin walikuwa wakiimba pamoja katika kumbi za usiku, na ndiyo maana sauti zao zinashikana vile. Mtoto humwona Loveless kama adui tu; mtu mzima humwona mtu mwenye akili kuliko wote chumbani, aliyechoka kudharauliwa.

Yasiyonipendeza yapo, tena si machache. Waigizaji Wazungu wamepakwa rangi ili wawe Wahindi Wekundu au Wachina, jambo lililokuwa la kawaida Hollywood wakati ule na ambalo leo linakera kulitazama. Wanawake wengi wapo ili kumbusu West au kumsaliti, na mara nyingi yote mawili. Ngumi ni nyingi hadi zinachosha, ingawa lazima nikiri kwamba Conrad alijichezea mwenyewe sarakasi nyingi, na mwaka 1968 alianguka vibaya kichwani wakati wa kupiga picha. Msimu wa nne ndio uliopwaya kuliko yote: Ross Martin aliugua moyo mwaka huohuo, na katika sehemu kadhaa nafasi yake ikazibwa na waigizaji wengine. Hawana kosa, lakini bila Gordon tamthilia inakuwa mtu mmoja anayepiga watu. Mwaka 1969, katikati ya malalamiko ya kisiasa kuhusu ukatili kwenye televisheni, ikasimamishwa.

Anayeijua kupitia filamu ya mwaka 1999 peke yake, ile ya Will Smith yenye buibui mkubwa wa chuma, asiihukumu tamthilia kwa filamu. Buibui yule ni mkubwa na ghali, lakini hana springi hata moja unayoiamini. Conrad mwenyewe aliichukia kiasi cha kwenda kupokea tuzo za kejeli za Razzie ambazo filamu hiyo ilishinda, na baada ya kuirudia tamthilia nimemwelewa kabisa.

Sasa seti kama bidhaa. Picha ni safi kuliko nilivyotarajia, hasa za msimu wa kwanza, ambapo unaweza kuhesabu misumari kwenye mlango wa behewa. Umbo la picha ni lile la zamani la karibu mraba, kwa hiyo runinga ya kisasa itaacha mistari myeusi pembeni. Iache ilivyo, kwa kuwa ukiivuta ijaze kioo utawanenepesha watu na kuharibu ule ufundi mzuri wa kufunga kila kipande kabla ya matangazo, ambapo picha inasimama ghafla, inageuka mchoro na kukaa katika pembe yake ya ukurasa kama kitabu cha katuni. Nyongeza ni chache: msimu wa kwanza una utangulizi wa sauti wa Conrad, mfupi na wa mzaha, lakini misimu inayofuata ni mikavu. Muuzaji niliyemtumia alizifunga diski kizembe, mbili zikafika na mikwaruzo, na moja kati yake inagoma kila ikifika katikati. Alinirudishia sehemu ya fedha baada ya barua kadhaa.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Diski na deki za DVD hugawiwa kwa maeneo ya dunia, na seti hii imetolewa kwa eneo namba 1, yaani Marekani na Kanada, ilhali deki zinazouzwa rasmi kwetu ni za eneo namba 5, kwa hiyo nyingine zitaikataa. Deki nyingi za bei nafuu za Kariakoo hazijali maeneo hayo. Peleka diski yoyote ya Marekani dukani ujaribu kabla hujaondoka. Ukiipata, usianze na sehemu ya kwanza ukaenda kwa mpangilio. Anza na zile za Loveless, kisha mchezesha vikaragosi, kisha urudi kumalizia msimu wa kwanza na wa pili. Wa tatu utautazama kwa hiari yako, na wa nne ni kwa wale ambao, kama mimi, wameshalipia na hawataki kuacha kitu.