Mashine ya kutoa vinasaba: uzoefu wangu Chake Chake

Nimetoa vinasaba (DNA) kwa mkono miaka mingi. Karatasi zenye matone ya damu iliyokaushwa zinaletwa kutoka shehiani kwa uchunguzi wa malaria. Unatoboa tone, unaroweka, unazungusha kwenye sentrifuji, unaosha, unarudia. Kutwa nzima sampuli 40, na kidole gumba kinauma hadi usiku. Kilichonitia hofu kuliko maumivu ni ile saa tisa alasiri, macho yamechoka, huna hakika kama kisima cha saba, yaani kishimo cha saba cha sahani ya maabara, umeshakitia dawa au bado.

Mashine tuliyonayo sasa inatumia sumaku. Vinasaba vinanata kwenye chembe ndogo za sumaku, kisha vijiti vilivyovikwa plastiki vinashuka, vinazinasa chembe na kuzipeleka sahani ya pili, ya tatu, hadi mwisho. Zinazohama ni chembe, maji yanabaki palepale. Visima 96 kwa mkupuo mmoja, chini ya saa moja.

Wiki za mwanzo, lakini, tulihangaika. Tulipopima kwa PCR, kipimo kinachonakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane, visima kadhaa havikuonyesha chochote, hata jeni ya RNase P ya binadamu, ambayo damu ya mtu yeyote lazima iwe nayo. Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosekana kwa vimelea. Ilikuwa ni ethanoli ya kuoshea: chembe zilikuwa hazijakauka vizuri, na ethanoli ikibaki inaizuia PCR. Tuliongeza dakika za kukausha, kidogo kidogo, maana zikikauka kupita kiasi vinasaba vinagoma kuachia. Muda wa kukausha uliotufaa tuliupata siku ya nne ya kujaribu. Nashukuru sana kwamba tulikuwa tunapima ile jeni. Bila hivyo tungewaandikia watu majibu ya kuwa hawana malaria na tusijue tumekosea wapi.

Umeme nao. Pemba tunaletewa kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika katikati ya kazi mashine yetu haiendelei ilipoishia. Sahani nzima tuliipoteza hivyo. Nunueni betri ya akiba siku ileile mnayonunua mashine.

Na tafadhali, msifute mabaki yake kwa jiki. Kitendanishi cha kupasulia seli kina kemikali iitwayo guanidini, ikikutana na klorini ya jiki inatoa gesi ya sumu.

Kutoboa karatasi bado ni kwa mkono, na hapo ndipo sampuli zinapoweza kubadilishana, kwa hiyo tunakaa wawili, mmoja anasoma namba mwenzake anaweka. Kwa maabara inayopokea sampuli mia kwa wiki, ningeinunua tena. Ila muulizeni muuzaji kwanza kama inakubali vitendanishi na sahani za kampuni nyingine. Yetu inakubali, na mzigo ulipochelewa kufika bandari ya Mkoani, hilo ndilo lililotuwezesha kuendelea na kazi.